Nguzo za Kidoriki zinaonekana kama mabomba, kosa liko wapi?

Mchoraji
Wakuu, sura ya mbele ya kanisa ina nguzo 4 za zege za Kidoriki (mtindo uliotoka kwa Wagiriki wa kale), zitavikwa mawe ya chokaa. Urefu ni m 6 pamoja na kitako na taji, kipenyo sm 50 kutoka chini hadi juu. Kwenye modeli zinaonekana kama mabomba. Tuongeze mapambo?

Timazi
Mapambo yaache kwanza, mkuu, piga hesabu. Kwa kanuni za Vignola, msanifu wa Italia wa karne ya 16, nguzo ya Kidoriki ina urefu wa vipenyo 8. Gawa m 6 kwa 8, unapata sm 75. Hiyo yako ni vipenyo 12, wakati hata ya Kikorintho, mtindo wa nguzo nyembamba zaidi, inaishia 10!

Halafu shina la nguzo halitakiwi kuwa na unene mmoja chini hadi juu. Theluthi ya chini iende wima, kisha lipungue taratibu hadi shingoni, chini tu ya taji, libaki 5/6 ya kipenyo, yaani sm 62.5. Lipungue kwa mkunjo. Ukipiga mstari ulionyooka, penye theluthi patatokea goti, na jua la pembeni litalianika.

Mkanda
Boriti nayo iangalie. Ukishusha timazi kwenye uso wake, uzi uguse shingo ya nguzo. Wengi huilinganisha na ukingo wa taji, basi inaonekana imebebeshwa kwa nguvu. Boriti, mkanda ulio juu yake na karnisi (ukingo wa juu unaotokeza) kwa pamoja ni robo ya nguzo: m 1.5.

Kutu
Zege husinyaa na kufupika likibeba mzigo, mawe hayafuati. Bila kiungo laini chini ya taji, mzigo unahamia kwenye mawe na kingo zinabanduka. Vishikizo vya mawe viwe vya chuma kisichoshika kutu. Wagiriki walifunika vya kwao kwa madini ya risasi. Mhandisi Balanos alipokarabati Parthenon, hekalu la kale la Athene, mwanzoni mwa karne ya 20 alitumia chuma kitupu, kikatanuka kwa kutu na kupasua marumaru. Baadaye vikabadilishwa kwa titani.

Mchoraji
Sawa, ila sm 75 zinabana mlango wa kati.

Timazi
Panua nafasi ya kati pekee, ila si kwa kukisia. Kila nguzo lazima ikae chini ya katikati ya trigilifu, yaani kibao chenye mifereji ya wima kwenye mkanda. Trigilifu moja na metopi yake (nafasi iliyo kati ya trigilifu mbili) ni vipenyo 1.25, kwako sm 93.75. Kama sasa katikati ya nguzo hadi katikati ya nyingine ni sm 281.25, hatua inayofuata ni sm 375. Hapo kati hakuna kipimo kingine.