Waini nyeupe ya muskadini, naitambuaje bila kuona chupa?

Mpishi_Charlotte: Wakuu habari zenu. Nipo North Carolina, napiga kazi restoranti, sasa bosi kaanza kutufundisha waini, anafunika chupa na mifuko ya karatasi mnanusa, mnaonja, mnataja zabibu. Nyeupe za Ufaransa naenda nazo vizuri tu, kinachonishinda ni hii muskadini, zabibu ya asili ya hapahapa. Nikisema muskati, ile zabibu yenye harufu ya maua, anacheka, nikisema muskadini kumbe ni zabibu nyingine, Niagara. Wiki ijayo anaweka aina mbili za muskadini, Carlos na Scuppernong, nashika wapi?

Mzee_wa_Glasi: Utamu achana nao kwanza, muskadini nyingi wanaziachia sukari na muskati nazo zipo tamu kibao, hapo hupati kitu. Nenda kwenye harufu. Muskati ni waridi na maua ya mchungwa, muskadini ni nzito, tunda limeiva mpaka limepitiliza. Halafu meza, subiri. Hizi zabibu zina ganda nene balaa, watu wanakamua nyama mdomoni ganda wanatema, na kwenye waini mara nyingi unabaki ukakasi kidogo ulimini.

DadaK_Raleigh: Niagara mdogo wangu ina damu ya Concord, zabibu ya kutengenezea juisi, inanukia juisi ya zabibu ya dukani au pipi. Ukisikia pipi tu pua nzima, ndo hiyo.

Mpishi_Charlotte: Asante dada. Na Carlos na Scuppernong je?

DadaK_Raleigh: Hapo kakutegea 😂 Scuppernong ndo ya kale, jina la mto wa huko mashariki, na tangu 2001 ndo tunda rasmi la jimbo. Carlos ilitolewa na watafiti wa hukuhuku 1970, maua yake yanajichavusha yenyewe wakati Scuppernong inataka mzabibu mwingine jirani, ndo maana wakulima wanaipenda Carlos. Ila mtaani kila muskadini ya rangi ya shaba wanaiita scuppernong. Kwenye glasi mimi sizitofautishi na anayejisifu anaweza simuamini. Andika muskadini nyeupe, eleza umefikaje hapo.

Zabibu_Dodoma: Huku sisi na Chenin blanc yetu, hiyo naisikia leo 😅

Mzee_wa_Glasi: Kama msimu haujaisha, Agosti mpaka Oktoba, nunua punje sokoni utafune na ganda lake unuse. Na siku ya kuonja usinuse ikiwa imetoka friji sasa hivi, baridi inaficha harufu, ishike glasi kwa viganja kwanza.