Mrejesho: laptopu ya kutengenezea tovuti

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita niliuliza ninunue laptopu gani kwa kazi ya tovuti, na niweke mfumo wa Windows au Linux. Ahsanteni nyote.

Nilimfuata kaka aliyesema nitafute ThinkPad T480 iliyotumika. Nimeipata Darajani, nikaongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16, nikaweka Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux. Node na Docker, programu ninazotumia kutengenezea tovuti, zinakwenda bila kukwama. Raha yenyewe betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje: umeme ukikatika hapa Chake, Pemba, nachomoa ya nje, napachika nyengine, na mashine haizimiki!

Kilichonishinda ni Photoshop, programu ya kuhariri picha. Linux haiipokei, na wateja wa hoteli huniletea mafaili ya programu hiyo. Nimeirudisha Windows kwenye kipande cha diski. Aliyeniambia niifute kabisa, samahani shehe, sikuweza.