Hivi picha iliyoguswa na mkono wa mtu bado ni picha? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu, kila zikitajwa zile picha za zamani zenye ukungu ukungu, za miaka ya 1890 na mwanzoni mwa 1900, lazima atokee mtu aseme wale jamaa waliozipiga walikuwa wachoraji walioshindwa kuchora. Mimi napinga. Chukueni moja tu, The Pond—Moonlight (yaani bwawa na mbalamwezi) ya mpiga picha Edward Steichen, kaipiga 1904 Mamaroneck, jimbo la New York. Itazameni taratibu. Mwezi haujapanda, uko nyuma ya miti, unaona kipande tu kinapenya katikati ya mashina halafu mwanga huohuo umelala kwenye maji, kwingine kote ni giza la bluu na kijani. Jani hata moja hulioni, na usiku si ndivyo ulivyo, ukisimama kando ya maji unaona weusi wa miti na pale panapong'aa, basi.

Mdau:
Mkuu hiyo rangi kaiweka kwa mkono, filamu ya rangi 1904 hata madukani haikuwepo. Ndo maana mpiga picha Ansel Adams na wenzake wa kundi la Group f/64 walipojitokeza San Francisco 1932 walitaka picha isiyo na ukungu, kila kitu kionekane wazi toka mbele mpaka nyuma. Kamera ina jicho lake, iachwe ione.

Mleta mada:
Rangi kaiweka, sibishi. Ila angalia kazi yenyewe ilivyo: unachanganya gundi ya mgunga na rangi na dawa ya baikromati, unapaka karatasi, unalaza negativu (ile filamu au kioo chenye picha iliyogeuzwa, weupe ni weusi) juu, unaianika kwenye mwanga. Palipopigwa na mwanga gundi inashika, pasipopigwa inaondoka na maji. Kwa hiyo bado mwanga ndo unachora, mtu anaamua uzito tu, ndo maana nakala 3 zinazojulikana za bwawa lile hazifanani. Wapo waliozidisha, mpiga picha Robert Demachy wa Ufaransa kuna kazi zake unaona brashi kuliko mtu aliyepigwa picha, hizo hata mimi hazinigusi. Lakini Adams huyohuyo, picha yake ya Moonrise, Hernandez ya 1941, weka nakala za mwanzo na za baadaye pamoja, anga limezidi kuwa jeusi kwa sababu alikuwa analiongezea mwanga kwa mkono wakati wa kusafisha, na karatasi ya picha ikizidishiwa mwanga inazidi kuwa nyeusi. Sasa mdau, kama mkono ukigusa tu siyo picha tena, hiyo tunaiweka wapi?