Othello anampiga Desdemona: tupeane uzoefu wa kumwelewa mwenye wivu bila kumtetea

Kalamu ya Shule (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za leo. Nawaomba wanaofundisha, wanaoigiza na wanaoandika tamthilia. Tuchukue Othello ya Shakespeare, sehemu ya nne, onyesho la kwanza: jemadari anampiga mkewe mbele ya Lodovico, mgeni aliyeleta barua kutoka Venice. Wasomaji wengi huishia pembeni. Wapo wanaosema "masikini, Iago ndiye aliyemharibu" (Iago ni ofisa wake, aliyemdanganya kwamba mkewe anatembea na Cassio, naibu wake), na wapo wanaosema "katili tu, hana la kueleweka". Mnatumia mbinu gani kumpitisha msomaji katikati? Leteni mbinu yenyewe, na inapokwama mseme inakwamia wapi.

Mwalimu wa Zamu
Mkuu, anzia kwenye barua. Vijana hukimbilia leso, ile zawadi ya Othello kwa mkewe iliyogeuzwa ushahidi wa uongo, na leso ina uzito wake, lakini pigo lina chanzo kilicho karibu zaidi. Soma polepole, na kila mstari uulize nani anajua nini. Othello anasoma amri ya kumrudisha Venice na kumwacha Cassio ashike nafasi yake Kisiwani Kupro. Pembeni Desdemona anamweleza Lodovico kwamba Cassio na mumewe wamekosana, na angependa kuwapatanisha kwa jinsi anavyompenda Cassio. Yeye anazungumzia urafiki. Othello, ambaye muda mfupi uliopita alijificha akamwona Cassio akicheka na kudhani anamcheka Desdemona, kumbe ni habari za Bianca, hawara wa Cassio, anasikia mtu akikiri. Lodovico anataja uteuzi wa Cassio, Desdemona anasema amefurahi, na hapo ndipo anapigwa. Cheo na ndoa vimeguswa kwa pumzi moja.

Hapo msomaji ameelewa. Kosa ni kufunga kitabu hapo hapo, kwa sababu mistari inayofuata ndiyo inayomhukumu. Desdemona analia, anasema hakustahili hili, anaanza kuondoka. Lodovico anaomba aitwe arudi. Othello anamwita kweli, kisha anamfanyia kejeli mbele ya mgeni: huyu anajua kugeuka, na kugeuka tena. Katikati ya kejeli anajibu barua kwa adabu, kwamba ametii amri. Anamwalika Lodovico chakula cha jioni na kumkaribisha Kupro. Mtu anayeweza kupanga chakula cha jioni hajapoteza akili zote. Waambie wanafunzi wapigie mstari kila neno la adabu analomwambia Lodovico, na kando yake waandike alilomwambia mkewe. Ulinganisho huo unamaliza ubishi wa "alipandwa na hasira tu".

Nyuma ya Pazia
Naongezea upande wa jukwaa. Onyesho hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mwigizaji wa Othello anaingia tayari anapiga kelele. Pigo likija, hadhira imeshachoka na hakuna linaloshtua. Sauti ishuke anaposoma barua, na macho yabaki kwenye karatasi. Ya pili ni muziki wa huzuni mara baada ya pigo. Muziki huo unaielekeza huruma kwa aliyepiga. Acha kimya, na mweke Desdemona pale ambapo uso wake unaonekana na kila kiti. Othello akiwa ameipa hadhira mgongo kwa sekunde chache, watu watamtazama aliyeumia kwanza.

Lodovico naye asiachwe asimame kama nguzo. Yeye ndiye anayesema kwamba Venice hawataamini hata akiapa ameona kwa macho yake, na ndiye anayemwambia Othello amtake mkewe radhi. Maneno hayo yakimezwa, hadhira inakosa mtu wa kuwaonyesha kwamba jambo hili lilikuwa ovu hata kwa watu wa zama zile.

Msomaji wa Pwani
Mimi nashauri kurudi sehemu ya kwanza. Brabantio anapomshtaki Othello kwamba amemroga binti yake, Othello hatoi upanga. Anawaomba wakuu wa Venice wamwite Desdemona aseme mwenyewe mbele ya baba yake. Anaijua haki na anajua namna ya kuipata. Sasa nenda sehemu ya nne, onyesho la pili: anamhoji Emilia, mhudumu wa Desdemona, naye anamwambia hajaona, hajasikia, wala hajawahi kushuku lolote. Ushahidi wa anayeshinda na Desdemona kutwa nzima anautupa. Sehemu ya tano, Desdemona anamsihi Cassio aitwe aulizwe. Njia ile ile iliyomwokoa yeye, mkewe ananyimwa.

Hapo pia ndipo pa kuweka rangi na umri. Katika sehemu ya tatu anajisemea kwamba pengine ni kwa sababu ni mweusi, hana maneno laini ya watu wa mjini, na umri umeanza kumtupa mkono. Iago hakuyaumba maumivu hayo. Aliyakuta, akayatonesha kwa kumkumbusha kwamba Desdemona alimdanganya baba yake. Bila hayo huwezi kumwelewa Othello. Ila yanaeleza kwa nini uongo ulipata pa kushika, basi.

Daftari la Pili
Kwa wanaoandika tamthilia zao: mpe mwenye wivu angalau nafasi tatu za kuuliza kabla ya mlipuko, na mwonyeshe akizipita. Jeraha lake liwe la kweli, lakini usimpe anayeshambuliwa kosa dogo la "kusawazisha". Desdemona anasema uongo kuhusu leso, kwamba haijapotea, kwa sababu Othello amekwisha kumtisha. Mpangilio huo ni muhimu: vitisho vimetangulia. Ukigeuza, uongo ukaja kwanza, wasomaji watampa mpigaji wakili.

Kalamu ya Shule
Asanteni. Mwalimu wa Zamu, kwa darasa la dakika 40 unaanzia wapi?

Mwalimu wa Zamu
Anzia Lodovico anapoingia, ishia anapobaki na Iago. Wasome mara mbili: mara ya kwanza wafuate anachosikia Othello, mara ya pili anachojua Desdemona. Leso iache kipindi kijacho.