Kuhama supamaketi kwenda maduka ya jumla hapa Mbeya: nianze na bidhaa zipi?

Iyunga_Juu ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Kaya ni ya watu sita, tuko Iyunga. Vitu vya pakiti vinanunuliwa supamaketi ya mjini, vinavyopungua katikati ya wiki vinachukuliwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Kwa mwezi: mchele kilo 20, sembe kilo 25, maharage kilo 8, sukari kilo 8, mafuta lita 6, viazi debe moja na nusu, sabuni, chumvi, majani ya chai, pamoja na nyanya na vitunguu vya kila siku.

Kila mtu anasema "nenda soko la Mwanjelwa kanunue jumla", lakini hakuna anayesema ni bidhaa ipi inashuka bei kweli na ipi inabaki palepale. Pia kule mchele na maharage mara nyingi ni sado na debe, huku supamaketi ni kilo. Nalinganishaje? Na vikishafika nyumbani vinakaaje bila kuliwa na wadudu? Hela ya kutoa kwa mkupuo mmoja haizidi laki moja na nusu. Nawasilisha.

---

Mizani_Kabwe amejibu:

Mkuu, anza na kulinganisha, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Bei yoyote uliyotajiwa igeuze iwe bei ya kilo moja au lita moja iliyofika mlangoni kwako. Yaani bei ya mzigo, jumlisha nauli na mbebaji, gawa kwa kilo. Mfano wa namba tu: mzigo wa kilo 50 ukilipia bajaji 5,000 umeongeza shilingi 100 kwa kila kilo. Bajaji hiyohiyo kwa kilo 10 inakuongezea 500 kwa kilo, na unafuu wote umeishia barabarani.

Sado ni ndoo ya lita 4, haikuwahi kuwa kilo 4. Mchele au maharage yakisawazishwa juu kwa mkono hukaa kilo 3.2 hivi. Yakipandishwa kilima hupita 3.5. Kwa hiyo ukigawa bei ya sado kwa 4 utaona ni rahisi kuliko duka la kilo, kumbe mmelingana, au hata umezidishiwa. Debe ni lita 20: mahindi makavu huwa kilo 17 au 18, ndiyo maana gunia la kilo 100 huhesabiwa debe sita.

Halafu tazama chombo chenyewe. Sado iliyogongwa kitako kikapanda ndani, sado iliyoyeyushwa ukingo kwa moto ikawa fupi, au iliyowekewa kipande cha boksi chini "ili isivuje". Ingiza mkono ndani kabla haijajazwa. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Kwa yule anayepima kilo, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo huwa na stika ya mwaka husika. Hakikisha mshale uko kwenye sifuri kabla ya kuweka kitu, na kama kuna beseni la kupimia, sifuri iwe beseni likiwa juu. Ukiwa na shaka, weka pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa uone inasomaje. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa madukani na inaingia kwenye kikapu. Kwa kaya inayonunua kilo 60 na zaidi kwa mwezi, inajilipa yenyewe mapema.

Katika orodha yako, vinavyoshuka vizuri ni mchele, mahindi (si sembe ya pakiti), maharage, sukari na sabuni ya mche ukichukua katoni. Chumvi na majani ya chai tofauti yake ni ndogo mno, vichukue popote.

---

Shamba_Uyole amejibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila bidhaa haitoshi kuichagua, chagua na mwezi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa Juni hadi Agosti, na mchele mpya wa Kyela na wa Usangu unaanza kumiminika karibu na kipindi hicho. Bei zinapanda kuanzia Desemba, zinauma zaidi Januari na Februari. Anayenunua kwa duka la jumla mwezi wa pili bado analipa bei ya mwezi wa pili.

Sembe. Mahindi yakikobolewa, karibu robo ya uzito huondoka kama pumba, kutegemea mashine na mkono wa fundi. Ili upate kilo 25 za sembe unahitaji debe mbili. Piga hesabu hivi: bei ya debe mbili, jumlisha kukoboa na kusaga, toa thamani ya pumba, gawa kwa kilo za unga uliotoka. Pumba mkubaliane kabla mashine haijawashwa, kwa sababu wafuga kuku wanazinunua, na mashine nyingi ukinyamaza zinabaki kwa mwenye mashine. Na upime unga pale pale kabla ya kuondoka.

Usisage gunia zima kwa mara moja. Punje hukaa miezi, unga haukai. Dona ndiyo mbaya zaidi, kwani kiini chenye mafuta kimo ndani na baada ya wiki chache unaanza kuwa mchungu, hata kwa baridi hii yetu.

Kuhifadhi: mahindi mabichi ndiyo chanzo cha ukungu na sumukuvu (sumu ya ukungu), na mwezi wa sita mengi yanaletwa sokoni hayajakauka. Kiwango salama ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Bila kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi: yaanike, au usinunue.

Yakishakauka tumia mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Kwanza ijaze hewa kila mmoja uone kama una tundu. Jaza ule wa ndani, bana hewa yote itoke, sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba. Kisha wa pili vivyo hivyo, kisha kiroba. Dumuzi na fukusi hufa kwa kukosa hewa, hakuna dawa inayohitajika. Watu wanakosea hapa: wananunua mmoja mkubwa wa kilo 100 halafu wanaufungua kila wiki, hewa inaingia na wadudu waliosalia wanaendelea kula. Chukua midogo ya kilo 50, mmoja ndio uwe wa matumizi, mwingine usiguswe. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasiwe na njia.

Maharage ya bei ya chini yatazame mara mbili. Ya msimu uliopita huwa yamefifia rangi, ngozi ngumu, na jikoni hayaivi. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hata maharage mapya huchelewa kuliko Dar. Ukiongeza na uzee, ulichookoa sokoni unakimalizia kwenye mkaa. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya.

---

Risiti_Mkononi amejibu:

Naona mnaisema supamaketi kama vile haina lake. Kuna vitu kule ni nafuu kuliko jumla, hasa vinapokaribia tarehe ya mwisho na wanavishusha bei: sabuni ya unga ya kilo 3 au 5, maziwa ya unga, dawa ya meno, mafuta ya dumu la lita 5. Sabuni ya unga haiozi, kwa hiyo tarehe iliyokaribia isikutishe. Maziwa ya unga nunua tu yale utakayomaliza kabla ya tarehe.

Usidanganywe na ukubwa wa pakiti. Zipo pakiti zilizopunguzwa kutoka gramu 1,000 hadi 900 bila bei kubadilika. Soma uzito halisi, si picha.

Mafuta: yanauzwa kwa lita, lakini madumu mengine yanaandikwa kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ni kilo 0.92 hivi. Dumu la lita 20 likijaa linapaswa kuwa na mafuta ya kilo 18.4, ukiongeza dumu lenyewe ambalo ni karibu kilo moja. Dumu lililoandikwa kilo 18 si lita 20, ni lita 19 na nusu hivi. Na yale ya kupimiwa kwa Mangi, robo robo, ndiyo ghali kuliko yote mjini ukizidisha kufika lita.

Alizeti isiyo na lebo, subiri asubuhi ya baridi ya Juni au Julai. Ikiganda nyeupe, huenda kuna mawese ndani. Mawese si sumu, ila usiyalipie bei ya alizeti. Na ya kukamuliwa iache itulie kabla ya kununua, mashapo yanayobaki chini umeyalipia kama mafuta.

---

Ilula_Njiapanda amejibu:

Kwa nyanya na vitunguu, bei ya fungu haibadiliki sana, kinachobadilika ni fungu. La buku la Julai na la buku la Machi si ndugu. Nunua vitunguu kwa ndoo wakati vinashuka, vilivyokauka shingo na magamba yanayochakarika, vitandaze kwenye wavu au tenga palipo na upepo. Nyanya usinunue tenga kama si mfanyabiashara. Chukua nusu zilizoiva, nusu zenye rangi ya chungwa, zitadumu wiki.

Viazi vyako debe moja na nusu fuata Uyole au Igawilo badala ya katikati ya mji. Vyenye udongo mkavu vinakaa zaidi ya vilivyooshwa. Weka gizani, mbali na vitunguu. Vikigeuka kijani tupa, usikate kipande ukapika kilichobaki.

---

Iyunga_Juu amejibu:

Ndaga fijo (asanteni sana), wakuu. Swali la mwisho: kwa laki moja na nusu siwezi kuchukua vyote. Nianze na kipi? Na mchele, Kyela au wa Mbarali (huko Usangu)?

---

Mizani_Kabwe amejibu:

Usigawanye hela kwenye kila kitu, utaishia kununua rejareja sokoni. Mwezi wako wa kuanza chukua mchele wa mwezi mzima kwa jumla, vingine endelea kama kawaida. Tofauti uliyoipata iweke kando, mwezi unaofuata ongeza mahindi. Baada ya hapo sukari: mfuko wa kilo 50 gaweni kaya nne au tano, mpimiane kwa mizani moja mbele ya wote, siku ileile. Sukari iliyokaa wazi kwenye unyevu huwa nzito, kwa hiyo mfuko ufunguliwe mkiwa mmesimama hapo.

Mchele wa kila siku chukua wa Mbarali, Kyela uweke kwa ajili ya wageni na pilau. Muuzaji akikuambia ni Kyela tupu kwa bei ya kawaida, tandaza kiganjani: punje za urefu na weupe tofauti maana yake umechanganywa. Uliza pia ni wa msimu huu au uliopita. Mpya unataka maji kidogo na hushikana, wa zamani unanywa maji na kuvimba, kwa kilo ileile unajaza sahani zaidi. Kwa watu sita, ningechukua wa zamani. Chenga nazo usizidharau kama kwenu mnapika vitumbua au uji, bei yake iko chini sana, ila zipepete kwanza, mawe hukimbilia humo.

Igurusi au Ubaruku, kule Mbarali mchele unakotoka, usiende kwa kilo 20. Mkifika gunia mbili au tatu kwa pamoja na gari linalorudi Mbeya tupu, hapo piga simu kwanza uulize bei ya siku.