Oak Alley, Louisiana: Aime au Roman?

Mzizi_Mrefu: Wakuu, habari za leo. Nafuatilia wamiliki wa jumba la Oak Alley, pale Vacherie, parokia ya St. James, jimbo la Louisiana, Marekani (parokia za huko ni kama wilaya). Orodha moja inaanza na Valcour Aime, nyingine na Jacques Roman. Nani alilijenga? Na majina ya watumwa wake nitayapata wapi?

Hati_Kongwe: Mkuu, Aime alinunua shamba la miwa mwaka 1830, na 1836 akabadilishana na shemeji yake Roman. Jumba limejengwa 1837 hadi 1839, kwa hiyo Aime alimiliki ardhi tu. Roman ndiye mwenye jumba, na waliotoa jasho ni watumwa. Roman alifariki 1848, mjane wake Celina akazama kwenye madeni, na 1866 mali ikaenda mnadani kwa dola 32,800, mnunuzi John Armstrong. Baadaye ilipita mikono kadhaa hadi akina Stewart, 1925, waliolikarabati.

Usitafute "Oak Alley" kwenye daftari za karani wa mahakama, maana Roman aliliita Bon Séjour, na faharasa zimepangwa kwa jina la muuzaji na la mnunuzi. Celina mtafute pia kwa jina la kwao, Pilié. Tena nyingi za hati za wakati huo ni za Kifaransa.

Mwalo: Nyongeza kuhusu majina, maana hapo ndipo wengi hukwama. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 huandika jina la bwana, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, kwa kawaida bila jina lake. Nenda kwenye mirathi. Roman alipokufa, mali yake iliorodheshwa na kuthaminiwa, watu wakiwemo. Humo yumo Antoine, miaka 38, mtunza bustani na fundi wa kupandikiza mipekani (miti ya kokwa za pekani), yaani kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, thamani dola 1,000. Mpekani ukioteshwa kwa mbegu hauzai kokwa sawa na za mama yake, ndiyo maana kazi yake ni kubwa mno: majira ya baridi ya 1846–47 alipandikiza miti 16, na kokwa za aina hiyo zikatunukiwa Philadelphia mwaka 1876, zikaitwa Centennial. Jina la Antoine tunalipata kwa hati kama hii. Ukishapata majina, yalinganishe na sensa ya 1870, ila usidhani kila aliyeachwa huru alichukua jina la Roman.

Mzizi_Mrefu: Asanteni sana. Na "arpenti" kwenye hati ni nini?

Hati_Kongwe: Ni kipimo cha urefu, kama mita 58.5, na pia cha eneo, kama ekari 0.85, kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kupiga hesabu. Mashamba ya mtoni hupimwa upana wa ukingo kwa kina, mara nyingi arpenti 40. Upana ukipungua kati ya hati mbili huku kina kikibaki vilevile, shamba limekatwa kwa urefu: tafuta mauzo ya kipande katikati ya tarehe hizo.