Alamu ya Mama wa Goba

*JUMATANO*

Mjomba Salum: [picha] Amkeni salama wapendwa 🌹

Rehema: Shikamooni. Jamani kwa Mama Devota wameingia usiku. Wamekata grili ya jikoni, wamebeba tv na mtungi wa gesi. Mtungi wenyewe ulibaki robo

Hamisi: Na wale mbwa?

Rehema: Wamelishwa kitu. Mpaka saa 4 hii bado wamelala

Zuhura: Basi mimi nimeshaamua, Mama anafungiwa alamu. Nimeulizia kampuni moja ofisi yao iko Masaki. Laki 9 kufunga, halafu 85,000 kila mwezi, kituo chao kinaangalia saa 24. Mkataba miezi 36

Hamisi: Dada, 85,000 mara 36 ni 3,060,000. Na hiyo laki 9 iko pembeni. Mkataba ukiisha vifaa vinabaki vya nani?

Zuhura: Ngoja nisome

Zuhura: Vyao 😐

Mama: Marahaba wanangu. Alamu ya nini na mzee Athumani yupo getini

Zuhura: Mama, kwa Mama Devota nako kulikuwa na mlinzi

Mama: Yule analala. Athumani halali, anakohoa usiku kucha namsikia

Shemeji Kassim: Shikamoo Mama. Alamu haimfukuzi mzee wa watu. Mlangoni na madirishani wanabandika visumaku, dirisha likifunguka sumaku zinaachana, king'ora kinalia. Halafu sebuleni na koridoni wanaweka sensa

Mama: Sensa si tulihesabiwa 2022

Rehema: 😂😂😂😂

Shemeji Kassim: Hii nyingine Mama, inahisi joto la mtu akipita

Mama: Na Chausiku je? Anazunguka humu ndani usiku mzima

Hamisi: Zipo zinazovumilia mnyama mdogo, ila paka akipanda juu ya kabati mbele ya sensa, umeamsha mtaa. Mjusi pia. Mjusi akitembea juu ya kile kioo chake, sensa inaona jitu limepita. Mimi nimefunga hivi vitu, nawaambia

Hamisi: Kingine, ile sensa inasoma tofauti ya joto la mwili na joto la chumba. Februari sebule ya Mama feni ikizimwa inakaribia joto la mtu. Za bei rahisi hapo zinapofuka. Muulize fundi kama zake zinajirekebisha kwa joto, akikutolea macho huyo siyo

Zuhura: Mimi nilikuwa nafikiria zile za kununua mtandaoni, unaunga kwenye waifai, taarifa zinakuja kwenye simu. Hakuna cha mwezi

Hamisi: Dada umesahau Mei 2024 nyaya za baharini zilivyokatika? Intaneti ilikuwa ya kuotea. Na uko Mwanza, simu ikikuambia saa 8 usiku mlango wa Mama umefunguka utapanda basi?

Zuhura: Ntakupigia wewe

Hamisi: Mimi niko Mbagala 🙄

Hamisi: Kwa hiyo boksi liwe na laini yake ya simu, na betri. Nyingi zinakuja na betri ya volti 12, Ah 7, yaani ampia 7 kwa saa moja. Mtambo ukila nusu ampia hiyo ni saa 14 za kwenye karatasi. Betri ikizeeka gawa kwa mbili. Mgao ule wa 2023 mnaukumbuka? Umeme ukikatika ndio saa za kazi za hao jamaa. Mtu abadilishe betri kabla haijafa, na laini iwe na salio

Shemeji Kassim: Mi naona tunaongelea vifaa sana. Kile king'ora cha nyumba ya kona kililia siku tatu, nani alitoka kwenda kuangalia?

Rehema: Hakuna. Mimi nilifunga dirisha nisikisikie

Shemeji Kassim: Eeh. Hiyo elfu 85 unamlipa mtu aje. Sasa anatokea wapi?

Zuhura: Wameandika "tunafika haraka"

Rehema: Kuna jirani huku juu ni mteja wao. Kesho naenda kumwomba abonyeze kile kitufe cha dharura tuone

*ALHAMISI*

Rehema: Haya. Tumebonyeza saa 1 jioni na mvua hii. Kituo kimepiga simu ndani ya dakika moja, dada mpole kabisa, ameuliza neno la siri. Jirani akasema ni majaribio ila walete gari

Rehema: Gari limefika dakika ya 52 😭 Foleni ya Makongo, halafu tope letu lile. Watu wa mtaani walikuwa wameshafika dakika ya tatu, mmoja na mwiko

Hamisi: Aisee

Rehema: Ila kuna kampuni nyingine, gari lao linalala kituo cha mafuta pale Njia Nne. Mwalimu ni mteja wao, naye amekubali kubonyeza. Dakika 11, mvua hiyohiyo. Wanachukua 60,000, na kifaa unanunua mwenyewe kinakuwa chako. Mkataba mwaka mmoja

Zuhura: Mbona hukuanza na hao

Rehema: Hawana kibao kizuri

Shemeji Kassim: Waulize pia namba ya kutishwa. Unakuwa na namba mbili, moja ya kuzima kawaida, nyingine unabonyeza ukiwa umeshikiwa panga. King'ora kinanyamaza kama kawaida lakini kituoni wanajua umetekwa

Mama: Mimi nimeshikiwa panga nitakumbuka namba ipi baba

Shemeji Kassim: Kweli Mama 😅

Mama: Nimewasikiliza tangu jana. Kile kitufe kidogo kinachobebwa, kimoja nipeni mimi kando ya kitanda, kingine apewe Athumani avae shingoni. Yeye ndiye anayewaona kwanza. King'ora kiwekwe nje upande wa kina Mama Devota, ndani kitanipa presha. Na namba za majirani wawili ziwe kule kituoni kabla ya zenu, nyie mko mbali

Hamisi: Mama kamaliza

Mama: Na neno langu la siri litakuwa

Rehema: MAMA USIANDIKE HUMU

Mama: _Ujumbe huu umefutwa_

Mjomba Salum: Nimeshaliona 😂

Rehema: Tafuta lingine Mama. Uniambie nikija jikoni

Zuhura: Haya, fundi aje Jumamosi. Hamisi uwepo usimamie

Hamisi: Nipo

Mama: Sawa. Sasa vifaa nani ananunua, na mwezi wa kwanza nani analipa?

*IJUMAA*

Mjomba Salum: [picha] Ijumaa Mubarak wapendwa 🌹🌹